Mchele Tumeleta, LUKU Je? Vidokezo 13 vya Kutoa Mwisho wa Mwaka

Ikifika wiki ya pili ya Novemba, simu yangu hupata homa. Kundi la tuliosoma wote sekondari linataka kwenda kituo cha watoto yatima. Kundi la kazini linataka kwenda wodi ya wazazi. Jumuiya ndogondogo ina orodha ya wajane, msikiti wa mtaani unaezeka madrasa, na ukoo, kama kawaida yake, una kamati mbili zisizosalimiana. Juu ya hayo kuna kadi tatu za harusi, maana Desemba isiyo na harusi bado haijafika Dar es Salaam.

Wote wanaomba kwa adabu, na wote wana haki ya kuomba. Anayechanganyikiwa ni mwenye mshahara mmoja. Kwa miaka mingi nilimpa aliyewahi kupiga simu, au aliyenitia aibu zaidi mbele ya wenzangu. Siku hizi nina utaratibu. Nauweka hapa, uchukue unachokitaka.

1. Andika kiasi kabla hujaombwa

Kabla mshahara wa Desemba haujaingia, andika kwenye karatasi: mwaka huu natoa shilingi kadhaa. Ukiziacha kwenye "nitaangalia", zitaishia kwenye nyama choma. Kama hujui uanzie wapi, jumlisha ulichochangia harusi, sendofu na kichen pati tangu Januari. Mimi nilipojumlisha zangu niliikunja karatasi haraka mke wangu asiione. Nusu ya jumla ile ikawa fungu langu la kwanza.

Kisha ligawe fungu lenyewe. Sehemu kubwa iende kwenye jambo ulilolichagua kichwa kikiwa kimetulia. Sehemu ndogo ibaki kwa wasiotoa taarifa: jirani aliyefiwa, mlinzi wa geti, mama anayepita na karatasi ya hospitali. Ikiisha, imeisha. Utasema "fungu limekwisha, ndugu yangu", na hutakuwa umedanganya.

2. Zaka ina kalenda yake

Kwa Waislamu, mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka mzima, hutolewa zaka ya 2.5%. Wanaostahili kuipokea wametajwa, makundi manane, katika Surat at-Tawba. Mwaka wenyewe ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo tarehe ya zaka yako haina habari na tarehe 31 Desemba. Wakristo nao wana fungu la kumi, na parokia au usharika unajua linakokwenda. Haya ninayoyaandika ni ya ile sadaka ya hiari inayobaki baada ya wajibu. Hiyo ndiyo inayopotea ovyo.

3. Jambo moja. Mawili yakizidi sana

Shilingi 100,000 ukiigawa mara kumi, unalipa makato kumi ya kutuma, wapokeaji wanalipa makato kumi ya kutoa, na unapata jumbe kumi za asante. Ukiipeleka mahali pamoja inalipa kitu unachoweza kukitaja kwa jina.

Uchague vipi? Anza na maisha yako. Rafiki yangu mmoja hutoa kwa macho tu. Mama yake aliishi miaka minne na mtoto wa jicho akidhani ni uzee, hadi mtu akamlipia upasuaji, akarudi kuchambua mchele mwenyewe. Ukimwomba rafiki huyo mchango wa madawati anakujibu bila kona, "Mimi ni mtu wa macho." Mwanzoni tulimwona mgumu. Sasa yeye ndiye anayejua bei ya lenzi, ratiba ya kambi za macho, na daktari yupi anapokea simu Jumapili. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kurukaruka.

4. Uliza kinachokosekana

Miaka kadhaa iliyopita tulikodi kirikuu, watu kumi na wawili wa ofisini, tukakijaza viroba vya mchele, madumu ya mafuta, sukari, biskuti na katoni za soda. Tulichapisha fulana zenye maneno kifuani. Mpiga picha alikuwepo. Tulipofika kwenye kituo, nje kidogo ya mji, tulipishana na kundi jingine linatoka, na fulana zao zilikuwa nzuri kuliko zetu.

Mama mlezi alitupokea kwa bashasha, watoto wakaimba, risala ikasomwa. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba kiroba hadi stoo. Stoo ilikuwa imefurika. Mchele umepangwa hadi usawa wa dirisha, tambi, biskuti za aina tatu. Akashusha sauti.

"Mwanangu, nikikuuliza jambo hutachukia?"

"Sema tu, mama."

"LUKU imekata tangu juzi. Pampu ya kisima haivuti, watoto wanabeba maji kwa ndoo kutoka kule barabarani. Kati yenu hakuna wa kutununulia hata umeme wa elfu ishirini?"

Nilinunua kwa simu tukiwa tumesimama palepale stoo, nikamsomea zile tarakimu, akamtuma kijana akaziingize kwenye mita. Nje wenzangu walikuwa bado wanapanga mstari wa picha ya pamoja.

Tangu siku hiyo swali langu kwa yeyote ninayetaka kumsaidia ni hili: mwezi gani huwa mgumu kwenu, na bili gani inawanyima usingizi? Majibu niliyokusanya: umeme, mshahara wa mpishi, dawa ya upele, nauli ya mtoto wa kliniki, gari la kunyonya choo. Hilo la mwisho nimelisikia mara nyingi kuliko yote. Ni wazi kwa nini halipati wafadhili, nani atavaa fulana mpya aje kupiga picha na gari la maji taka? Lakini choo kikifurika mahali wanapolala watoto arobaini, mchele wako wote hautasaidia kitu.

Na kama wakikwambia kweli wanahitaji mchele, peleka mchele. Ila uliza upelekwe lini. Watakwambia Februari.

5. Kabla ya kituo, tazama nyumba ya bibi

Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Kituo cha yatima ndicho chaguo la kwanza la karibu kila kundi la Desemba, na mara nyingi si chaguo bora.

Watoto wengi wanaoishi katika vituo hivyo wana mzazi mmoja hai, au shangazi, au bibi. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Bibi hana cha kuwalisha wajukuu watano, kituo kina mchele hadi dirishani, basi mtoto anapelekwa kwenye mchele. Kadiri tunavyopeleka vitu kituoni na kuipita nyumba ya bibi bila kubisha hodi, ndivyo tunavyouambia ukoo kwamba mtoto analishwa vizuri akiwa mbali nao. Serikali za kanda hii zimeliona. Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unaolenga kuwahamisha watoto kutoka kwenye makao kwenda kwenye familia, na Rwanda ilianza kazi hiyo mapema zaidi. Kwetu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, makao ya watoto ni lazima yawe na leseni.

Simaanishi vituo vifungwe kesho. Wapo watoto waliookotwa, wapo waliokimbia kipigo, na wapo walezi wanaowahudumia kwa moyo ambao mimi sina. Ukitaka kusaidia kituo, saidia, lakini uliza maswali mawili: leseni iko wapi, na mwaka huu watoto wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao? Mlezi makini atafurahi kwa swali la pili. Atakuhadithia. Anayebabaika, au anayejisifu kwamba idadi yake inaongezeka kila mwaka, mwache.

Ukitaka njia nyingine, nenda kwa mjumbe wa mtaa wako au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata. Wanazijua nyumba za bibi. Godoro, sare mbili, mtaji wa kufungua genge la nyanya na vitunguu, na mtoto anabaki analala alipozaliwa.

Halafu picha. Sura ya mtoto mwenye dhiki usiiweke kwenye mtandao. Atakua, na atajitafuta kwenye simu kama sisi tunavyojitafuta.

6. Lipa nauli

Kuna matibabu ya bure ambayo wagonjwa hawayafikii kwa sababu basi si la bure. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, hutibu fistula bila malipo. Fistula ni tundu linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu usiopata msaada, na humwacha mama akivuja mkojo, mara nyingi akitengwa hadi na mumewe. Matibabu yalikuwepo na wagonjwa walikuwepo, lakini mama wa kijijini hakuwa na nauli ya kufika. Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa: mtu anayeaminika karibu na mgonjwa anapokea pesa, anamkatia tiketi, mama anapanda basi. Teknolojia nzima ndiyo hiyo. Nikiulizwa mradi wa hisani ninaouhusudu kuliko yote nchini, nautaja huo.

Kwa hiyo usidharau nauli. Mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi Ocean Road au Bugando hutakiwa kuhudhuria karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Ametoka Tunduru, au Sumbawanga. Analala wapi? Anakula nini saa nane mchana? Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na maofisa wake wanawajua kwa majina walioruhusiwa kutoka lakini hawana nauli ya kurudi. Nenda kaulize. Kama ni deni la matibabu, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe, uchukue risiti. Pesa ya mkononi kwenye korido hapana, hata kama aliyevaa koti jeupe ana haraka.

7. Toa damu

Kidokezo hiki hakina makato. Wanafunzi wa sekondari ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa damu nchini, na Desemba shule zimefungwa. Wakati huohuo barabara zimejaa mabasi ya kwenda Moshi na Bukoba, bodaboda wamelewa, na kina mama wanaendelea kujifungua bila kujali sikukuu. Hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, nenda kituo cha Damu Salama au hospitali ya mkoa. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kunywa maji mengi, kula kabla ya kwenda, acha ubishi na nesi. Lile kundi lako la fulana likienda lote kwa siku moja, mmefanya kazi kubwa kuliko kirikuu kizima cha biskuti.

8. Watafute wasiopendeza kwenye kalenda

Watoto wana sura nzuri, na ndiyo maana wanapata soda. Wazee je? Pale Nunge, Kigamboni, kuna makazi ya wazee, na yako mengine mikoani. Wagonjwa wa akili, wafungwa wanaotoka gerezani wakiwa na shati moja, watu waliowahi kuugua ukoma: hawa hawaimbi wimbo wa kukaribisha wageni.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Nepi za watu wazima zina bei, muulize yeyote anayemuuguza baba yake.

9. Januari iko jirani

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na baadaye kidato cha tano na sita vikaongezwa. Wengi wetu tukapumua, tukadhani habari ya shule imekwisha. Muulize mama lishe mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Atakuhesabia kwa vidole: sare, viatu, begi, madaftari, hosteli, chakula cha mchana, na nauli kama shule iko mbali. Pesa ya kazi hiyo inatakiwa wiki ya kwanza ya Januari, wakati sisi tumerudi kutoka mkoani tukiwa hatuna hata ya bando. Wakenya wameupa mwezi huo jina linalofaa, Njaanuari. Kwa hiyo nunua viatu Desemba, kabla hujasafiri.

Mfikirie pia msichana aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Ruhusa ipo, lakini nani anabaki na mtoto saa mbili asubuhi? Mchango wa kumlipa anayelea mtoto ni mchango wa elimu kama ulivyo mchango wa madaftari.

Na kuna kisa cha Busia, magharibi mwa Kenya, ambacho kila mpenda kutoa vitabu angefaa kukijua. Miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kupata Nobeli ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada bure. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari juu darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu. Halafu huko huko Busia, katika shule 75, watoto wakapewa dawa za minyoo zenye bei ya chini mno, na watafiti wakapima utoro ukiwa umepungua kwa robo. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa faida hiyo, na bado wanabishana. Mimi nilichobaki nacho ni unyenyekevu. Kitu kinachoonekana cha kielimu kabisa, kitabu, kilipitwa na kidonge.

10. Kagua bila kuona haya

Tazama tunavyoendesha harusi. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila Jumapili, taarifa ya makusanyo, na shangazi mmoja anayeuliza kwa nini bei ya keki imepanda. Kwa sherehe ya saa sita tunadai hesabu hadi ya maua. Kisha mtu anatuma ujumbe kwamba ana mradi wa kusaidia walemavu, tunamtumia pesa kwa sababu ameweka neno "Mungu" mara tatu.

Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na Msajili wake yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Sheria inayataka yatoe taarifa ya mwaka, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Taasisi nyingi za dini na vyama vya kijamii ziko kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kenya wanayo Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika 14 Mei 2024, yaani ilisubiri miaka kumi na mmoja kabatini. Omba namba ya usajili. Omba taarifa ya mwaka jana. Angalia kama akaunti au lipa namba ina jina la taasisi, maana ikikuletea jina la mtu binafsi, hapo ni pa kusimama uulize. Uliza nani wanaidhinisha malipo, na kama mume, mke na shemeji ndio bodi nzima.

Wanaokagua hupenda kuuliza pia, "Asilimia ngapi inakwenda kwenye utawala?" Swali zuri, ila usilifanye rungu. Shirika lisilo na mhasibu lina gharama ndogo za utawala, na pengine ndiyo sababu hakuna anayejua pesa ilikokwenda.

Jambo jingine linalonipa imani ni shirika kusema lilipokosea. GiveDirectly, linalogawa fedha taslimu kwa familia maskini kwa simu, lilitangaza lenyewe mwaka 2023 kwamba lilikuwa limeibiwa takriban dola 900,000 huko Kivu Kusini, Kongo, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wake walihusika. Lilieleza wizi ulivyofanyika na lilichobadilisha. Taarifa za mwaka ambazo kila ukurasa ni tabasamu mimi huzisoma kwa jicho la polisi wa barabarani.

11. Maombi ya kwenye simu

Picha ya mtoto mwenye mirija puani, maandishi mekundu, namba ya simu. Piga simu hospitali iliyotajwa, uliza ustawi wa jamii kama mgonjwa huyo yupo. Dakika tano. Ujumbe usiotaja hospitali, usisambaze, hata kama umetumwa na mama mkwe.

12. Maafa yana sehemu ya pili

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likafunika Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nchi nzima ilichanga, na malori ya nguo, mablanketi na unga yakapanda. Ndivyo tulivyo, na katika hilo sijawahi kutuona tukishindwa. Majirani zetu nao hivyohivyo: mwaka 2011, ukame ulipoipiga Turkana na kaskazini mwa Kenya, Wakenya waliwekeana lengo la shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na watu wa kawaida wakachanga kwa simu.

Ninachoomba ni uzuie nusu. Toa nusu leo, nusu weka hadi mwezi wa nne. Wiki ya kwanza kila mtu analeta blanketi. Mwezi wa nne kamera zimeondoka, na aliyepoteza duka anahitaji mabati, mbegu, mtaji, na mwenye kufiwa anahitaji mtu wa kuongea naye. Nguo, kama ni lazima, ziwe ambazo ungempa shemeji yako. Viatu vya mguu mmoja vimekwisha kuonekana kwenye magunia ya misaada, na aliyevituma anajijua.

13. Weka ahadi, kama ya harusi

Wenye biashara, neno dogo kwanza: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa upunguzwe kwenye mapato ya biashara, kwa kikomo cha 2%. Tunza risiti, umuulize mhasibu wako. Ndugu zetu walio Marekani wanalijua joto hili la Desemba kwa sababu mwaka wao wa kodi unafungwa tarehe 31, lakini wakumbuke kwamba pesa waliyomtumia mjomba kwa simu haihesabiki kule kama hisani, hata kama mjomba ana uhitaji wa kweli.

Sisi wengine tuna kadi ya ahadi. Kwenye harusi husemi "nitatoa nikipata". Unaandika 200,000, unalipa 50,000 leo, na mweka hazina anakuandama hadi siku ya ukumbi. Fanya hivyo kwa sadaka. Chukua fungu uliloandika kwenye karatasi, likate vipande sita, peleka kimoja Desemba na kingine kila mwezi hadi Mei. Ukiwa na wenzako watano, pangeni zamu. Wazee wa pwani walilielewa hili kabla ya benki: mtu alitoa nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu, kodi yake na nazi zake zikalisha msikiti na wanafunzi miaka baada ya yeye kuzikwa. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mombasa wana Tume ya Wakfu. Mimi sina minazi. Nina tarehe 5 ya kila mwezi.

Kundi letu la kirikuu lilivunjika, kama makundi ya fulana yanavyovunjika. Tulibaki wanne. Tunanunua umeme wa kile kituo kwa zamu, na mara mbili kwa mwaka tunalipa gari la choo. Mama mlezi amejifunza kutuma namba ya mita bila kuomba radhi kwanza, na Machi iliyopita alitutaarifu kwamba watoto wawili wamechukuliwa na mama yao mdogo, Kibaha, kwa hiyo matumizi ya maji yamepungua kidogo.

Kama umesoma hadi hapa na mfukoni imebaki nauli ya daladala tu, rudi kidokezo cha 7. Nauli hiyo inakufikisha.